David Livingstone na dawa zake

David Livingstone (Blantyre, Uskoti, 19 Machi 1813 – kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, 1 Mei 1873) alikuwa daktari, mmisionari na mpelelezi aliyesafiri kwa miaka thelathini hivi katika Afrika ya kusini, ya kati na ya mashariki. Nchini Tanzania anajulikana hasa kwa kukutana na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley mjini Ujiji, karibu na Kigoma, mwaka 1871.

Vitabu vya shule humtaja kama mpelelezi na mpinzani wa biashara ya watumwa, na udaktari wake hupewa sentensi moja tu. Lakini safari zake zilitegemea sana sanduku la dawa: alipokuwa nalo alitembea, alipolikosa alibebwa. Makala hii inahusu upande huo wa maisha yake, yaani dawa alizotengeneza na kutumia, faida na hatari zake, na pia ugonjwa wa moyo uliomwandama ambao katika karne yake haukuwa na dawa.

Masomo ya udaktari

Livingstone alizaliwa katika familia maskini. Akiwa na miaka 10 aliajiriwa katika kiwanda cha pamba cha Blantyre, akafanya kazi mchana kutwa na kusoma usiku. Mwaka 1836 alianza masomo ya tiba katika Chuo cha Anderson mjini Glasgow, akiyalipia kwa mshahara wake wa kiwandani. Baadaye alipokelewa na Chama cha Kimisionari cha London, akaendelea na mafunzo katika hospitali za London, na mwezi Novemba 1840 alipata leseni ya udaktari huko Glasgow.

Nia yake ilikuwa kwenda China. Mpango huo ulivunjika kwa sababu ya vita kati ya Uingereza na China vilivyotokana na biashara ya afyuni, nayo afyuni ilikuwa mojawapo ya dawa zilizotumiwa zaidi na madaktari wa wakati ule. Kwa hiyo alitumwa Afrika Kusini, akafika Kuruman mwezi Julai 1841.

Udaktari aliojifunza ulikuwa tofauti sana na wa leo. Hakuna aliyejua kwamba malaria husababishwa na vimelea; Alphonse Laveran aliviona mwaka 1880, na Ronald Ross alithibitisha kazi ya mbu mwaka 1897, miaka mingi baada ya Livingstone kufa. Homa ilidhaniwa kutoka katika hewa mbaya ya vinamasi. Tiba za kawaida zilikuwa kumtoa mgonjwa damu, kumpa dawa ya kuendesha tumbo, na kumpa kalomeli, ambayo ni chumvi ya zebaki. Nyingi kati ya tiba hizo zilimdhoofisha mgonjwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Alipoishi kati ya Wakwena, katika Botswana ya leo, alikuwa na tabia ambayo si wamisionari wote walikuwa nayo. Hakuwanyang'anya waganga wa mahali wagonjwa wao. Aliingilia walipomwita wenyewe au walipokwisha kukata tamaa. Alibishana nao kwa adabu, hasa waganga wa mvua, na aliyaandika mabishano hayo kwa namna ambayo msomaji haoni upesi nani ameshinda.

Dawa ya homa

Kwinini hutoka katika gamba la mkwinini, mti wa milima ya Andes huko Amerika Kusini. Wafaransa Pelletier na Caventou waliitenga mwaka 1820, kwa hiyo Livingstone alipokuwa mwanafunzi dawa safi ilikuwa tayari inauzwa. Kilichokosekana ni makubaliano juu ya namna ya kuitumia. Madaktari wengi waliogopa kuitoa wakati mgonjwa bado ana homa kali, au waliitoa kidogo kidogo wakati hali imekwisha kuharibika.

Mwaka 1850 Livingstone alisafiri na mke wake Mary na watoto wao hadi Ziwa Ngami, na watoto wakashikwa na homa. Kutokana na matatizo hayo alianza kujaribu mchanganyiko wake mwenyewe. Vidonge vyake vilikuwa na vitu vinne: utomvu wa jalapa na mzizi wa rubabu, vyote viwili vya kuendesha tumbo, pamoja na kalomeli na kwinini, vikakandwa kwa maji ya iliki. Aliamini kwamba tumbo lililofunga huzuia kwinini kufanya kazi, na kwamba mgonjwa hupata nafuu saa tano au sita baada ya kumeza. Kisha mgonjwa aliendelea kupewa kwinini peke yake mpaka masikio yavume au asisikie vizuri.

Jambo hilo la mwisho linastahili kuangaliwa. Kuvuma kwa masikio ni dalili ya sumu ya kwinini mwilini, pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu na ukungu wa macho. Livingstone hakuichukua kama madhara ya kuepukwa; aliifanya kipimo. Masikio yakivuma, daktari alijua kwamba dawa imefika kiasi cha kutosha katika damu. Katika nyakati zisizo na maabara lilikuwa wazo la busara, ingawa lilikuwa na hatari, maana umbali kati ya kiasi kinachoponya na kiasi kinachodhuru ni mdogo. Kwinini ikizidi huweza kuharibu macho na kuvuruga mapigo ya moyo.

Kwa elimu ya leo tunaweza kusema kwamba katika vitu vinne vya kidonge kile ni kimoja tu kilichotibu malaria. Jalapa na rubabu zilimpotezea mgonjwa maji. Kalomeli ilikuwa na hatari ya kudumu: zebaki ikiingia mwilini mara kwa mara hulegeza meno, hujaza mate mdomoni, hutetemesha mikono, na humfanya mtu awe na hasira na huzuni. Livingstone alitumia kalomeli miaka mingi. Meno yake yalilegea na kung'oka katika safari ya mwisho. Yeye alilaumu mahindi magumu aliyolazimika kula.

Ubora wake ulikuwa katika mambo mawili: kutoa kwinini mapema, na kuitoa kwa wingi. Safari yake kutoka Linyanti hadi Luanda na kurudi hadi Quelimane, kuanzia 1853 hadi 1856, ilimpatia homa zaidi ya mara ishirini. Alipofika Luanda tarehe 31 Mei 1854 alikuwa mgonjwa sana, mwenye huzuni nzito, akihofu kwamba hatapata rafiki mjini. Alipokelewa na Mwingereza Edmund Gabriel aliyempa kitanda chake, na daktari wa manowari ya Kiingereza akamtibu.

Vifo vya Zambezi

Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1857 na kumfanya maarufu kote Uingereza. Wasomaji wengi waliamini kwamba Afrika ya kati inakalika bila shida kwa Mzungu aliye na vidonge vya Livingstone. Imani hiyo iliwagharimu watu.

Mwanzoni mwa mwaka 1860 kikundi cha wamisionari kikiongozwa na Holloway Helmore kilifika Linyanti. Katika wiki chache Helmore, mke wake na watoto wao wawili walikufa, pamoja na wengine wa msafara. Roger Price aliyebaki hai alishuku kwamba walipewa sumu. Livingstone alisema ilikuwa homa. Alipopita huko mwaka uleule alikuta gari lake la kukokotwa na ng'ombe aliloliacha mwaka 1853 likiwa limetunzwa vizuri na Wakololo. Ndani yake mlikuwa na dawa, umbali mfupi kutoka mahali walipokufa wenzake. Hawakujua kwamba ziko, na hawakuijua tiba yake.

Jambo linalofanana nalo lilitokea kwa Askofu Charles Mackenzie, kiongozi wa misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo miaka michache baadaye ilihamia Zanzibar. Mtumbwi wake ulipinduka na dawa zote zikazama mtoni. Yeye na mwenzake Burrup waliendelea na safari bila kwinini. Mackenzie alikufa kwa homa tarehe 31 Januari 1862 karibu na mahali mto Ruo unapoingia Shire, naye Burrup akafuata baada ya wiki chache.

Miezi mitatu baadaye ikawa zamu ya nyumba ya Livingstone mwenyewe. Mary, aliyekuja kuungana na mumewe, alishikwa na homa huko Shupanga. Livingstone na Dk. John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, walimpa kwinini kwa wingi, lakini alitapika mfululizo na dawa haikukaa tumboni. Alikufa tarehe 27 Aprili 1862. Mumewe aliandika kwamba kwa mara ya kwanza maishani alitamani kufa.

Katika msafara huohuo wa Zambezi (1858–1864) Wazungu walikuwa wamepewa kila siku kwinini iliyochanganywa na divai ili wasiugue. Mwaka 1854 meli ya Pleiad, chini ya Dk. Baikie, ilikuwa imepanda mto Niger kwa kutumia kwinini ya kinga na kurudi bila kifo hata kimoja, kwa hiyo mpango ulikuwa na msingi. Lakini watu wa Zambezi waliendelea kuugua, na Livingstone akaacha kuamini kinga ya namna hiyo. Alishikilia kwamba kinga bora ni kazi na kutembea. Hapo ndipo daktari alipomshinda mgonjwa: kijana mtaalamu wa miamba, Richard Thornton, alifukuzwa mwaka 1859 kwa kuitwa mvivu wakati alikuwa anaugua. Alirudishwa baadaye, akafa mwaka 1863.

Sanduku lililoibwa

Livingstone alirudi Afrika mara ya mwisho mwaka 1866. Alitoka Zanzibar, akashuka Mikindani mwezi Machi na kufuata mto Ruvuma. Lengo lake lilikuwa kutafuta chanzo cha mto Nile. Miongoni mwa watu wake walikuwemo Susi na Chuma, ambao majina yao yamebaki katika historia pamoja na lake. Wengi wa msafara walikufa au kumwacha njiani.

Tarehe 20 Januari 1867, katika kaskazini ya Zambia ya leo, wanaume wawili Wayao walitoroka. Mmoja alikuwa amebadilishana mzigo na kijana aliyeitwa Baraka, mtu mwangalifu aliyekabidhiwa sanduku la dawa. Waliondoka nalo, pamoja na nguo, unga, bunduki na vyombo vingine. Mvua kubwa ilifuta nyayo zao na waliotumwa kuwafuata walirudi mikono mitupu. Wezi walitaka nguo. Dawa hazikuwa na maana kwao na huenda walizitupa. Livingstone, aliyekuwa amezoea hasara, aliona hii kuwa sawa na kuhukumiwa kifo. Miaka mitano hivi kabla Askofu Mackenzie alikuwa amekufa kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo alijua anachosema.

Matokeo yalionekana haraka. Tarehe 1 Aprili 1867 alifika ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, ambayo wenyeji waliiita Liemba (jina ambalo meli ya MV Liemba ya Kigoma inalo hadi leo). Hapo alipatwa na homa kali asiyokuwa na kitu cha kuizuia. Siku moja alijikuta nje ya kibanda chake akipapasa bila kuweza kuingia. Alishika nguzo mbili za mlangoni, akajaribu kujiinua, akaanguka chali na kugonga kichwa juu ya sanduku. Vijana wake walitundika blanketi mlangoni ili wageni wasimwone katika hali ile. Zilipita saa kadhaa kabla ya kujua alipo.

Ujiji, 1869

Aliendelea hadi ziwa Mweru mwaka 1867 na Bangweulu mwaka 1868. Mwanzoni mwa mwaka 1869, baada ya kulowa mvua, alishikwa na kichomi. Alikohoa damu, akapoteza hesabu ya siku, na katika homa aliona sura za watu katika magamba ya miti. Mfanyabiashara Mwarabu Muhammad bin Gharib ndiye aliyemwokoa: alimpa dawa zake mwenyewe, akamtunza, akaamuru abebwe kwa machela hadi ufukwe wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Ni jambo la kushangaza kwamba adui mkubwa wa biashara ya watumwa aliokolewa na msafara wa wafanyabiashara wa aina hiyo, na hakuficha jambo hilo katika maandishi yake.

Kutoka ng'ambo alivuka kwa mtumbwi na kufika Ujiji tarehe 14 Machi 1869. Alitarajia kukuta mali aliyoagiza kutoka Zanzibar. Sehemu kubwa ilikuwa imeibwa njiani, na dawa zilikuwa zimebaki Unyanyembe, yaani Tabora, mwendo wa siku 13, na njia ilifungwa na vita. Alichokuta ni chai, kahawa na nguo nzito za sufi. Aliandika kwamba vitu hivyo vilimsaidia kupata nguvu. Aliandika pia barua zaidi ya arobaini, lakini karibu zote hazikufika pwani.

Mwezi Julai 1869 alivuka tena ziwa kwenda Manyema, katika Kongo ya leo. Huko alizuiwa kwa zaidi ya miezi sita katika kijiji cha Bambarre na donda ndugu miguuni. Dawa pekee iliyompa nafuu kidogo ilikuwa jiwe la kijani lenye shaba, malakiti, lililosagwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya. Akiwa amelala alisoma Biblia yote mara nne katika kipindi cha Manyema. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, alishuhudia wafanyabiashara wakiua mamia ya watu, wengi wao wanawake. Tukio hilo lilimvunja kuliko homa yoyote. Aligeuka kurudi Ujiji.

Alifika tarehe 23 Oktoba 1871 akiwa mifupa mitupu. Shehena mpya iliyotumwa kwake ilikuwa imekwisha kuuzwa na msimamizi wake, Sherif, aliyedai kwamba Mzungu amekufa.

Kuja kwa Stanley

Siku chache baadaye msafara wa Stanley uliingia mjini. Stanley aliandika tarehe 10 Novemba 1871. Hesabu ya Livingstone ilitofautiana naye kwa siku kadhaa, kwa kuwa alikuwa amepoteza tarehe wakati wa ugonjwa. Salamu yake imerudiwa mara nyingi mno kuhitaji kuelezwa tena. Alileta chakula, nguo, dawa na mfuko wa barua za nyumbani.

Kwa anayefuatilia habari za dawa, kilichotokea baada ya hapo ndicho chenye uzito zaidi. Hamu ya kula ilirudi mara moja. Mtu aliyekuwa akila milo miwili isiyo na ladha alianza kula mara nne kwa siku, na katika wiki moja alijisikia ana nguvu. Kwinini ilichangia, bila shaka, lakini nafuu ilianza kabla dawa yoyote haijapata muda wa kufanya kazi. Alikuwa amepata mtu wa kuzungumza naye, na habari za watoto wake.

Wawili hao walisafiri kwa mtumbwi hadi mwisho wa kaskazini wa ziwa na kuhakikisha kwamba mto Rusizi huingia ziwani wala hautoki. Stanley alipougua homa, Livingstone alimuuguza. Waliondoka Ujiji tarehe 27 Desemba 1871 na kufika Tabora mwezi Februari. Stanley alielekea pwani tarehe 14 Machi 1872. Hawakuonana tena.

Sonona yake

Waliosafiri na Livingstone katika Zambezi walilalamika kwamba hali yake ya moyo hubadilika bila onyo. Kuna wiki alikuwa na matumaini makubwa yasiyo na msingi, akiandika barua ndefu na kupanga makoloni. Kuna wiki alinyamaza, akakataa kuonana na mtu, akawafokea wenzake na kumshuku kila aliye karibu. Mwenyewe alilaumu tumbo.

Daktari na mwanahistoria Oliver Ransford, katika kitabu cha mwaka 1978, alitoa hoja kwamba Livingstone alikuwa na ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka, ule ambao leo huitwa baipola au namna nyepesi ya ugonjwa huo. Si wanahistoria wote wanaokubali. Kumpima akili mtu aliyekufa kwa kusoma shajara zake kuna mipaka, na katika kesi hii sababu nyingine zilikuwepo: malaria ya kujirudia, upungufu wa damu, zebaki, kifo cha mke, na miaka ya upweke. Kila moja yaweza kuleta sonona.

Karne ya 19 haikuwa na dawa ya sonona. Madaktari walitoa afyuni, iliyotuliza kwa saa chache, ikafunga tumbo na kumfanya mgonjwa mtumwa wake. Dawa za kwanza za kweli zilipatikana miaka ya 1950, nazo zilipatikana kwa bahati. Mwaka 1952 wagonjwa wa kifua kikuu mjini New York waliopewa iproniazidi walionekana kuchangamka kupita ilivyotarajiwa. Mwaka 1957 daktari Roland Kuhn wa Uswisi alitangaza kwamba imipramini, iliyojaribiwa kwa ugonjwa mwingine, iliwasaidia wenye sonona. Leo amitriptilini na fluoksetini zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu.

Dawa hizi zina tabia ambayo Livingstone angeielewa, kwa sababu zinadai uvumilivu na kipimo. Hazifanyi kazi siku ileile; nafuu huonekana baada ya wiki mbili hadi nne au zaidi, ilhali maudhi hutangulia. Amitriptilini huleta usingizi, mdomo mkavu, kufunga choo na kuongezeka uzito. Ikimezwa kwa wingi kupita kiasi inaweza kusimamisha moyo. Fluoksetini mara nyingi huanza na kichefuchefu, kukosa usingizi au wasiwasi, na inaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa. Kwa vijana walio chini ya miaka 25 mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka katika wiki za mwanzo, hivyo huhitaji kuangaliwa kwa karibu. Kuziacha ghafla huleta kizunguzungu, wasiwasi na kukosa usingizi. Hupunguzwa polepole kwa maelekezo ya daktari.

Kama Ransford alikuwa sahihi, ingekuwepo hatari nyingine. Mwenye baipola akipewa dawa ya sonona peke yake, bila dawa ya kutuliza mabadiliko ya hisia, anaweza kurushwa kutoka huzuni hadi msisimko wa hatari. Ndiyo maana daktari huuliza kwanza kama mgonjwa amewahi kuwa na vipindi vya furaha kupindukia, kutolala na mipango isiyo na kikomo.

Kuna pia uhusiano na malaria unaowahusu wakazi wa maeneo kama Kigoma. Kwinini na amitriptilini zote mbili hugusa mapigo ya moyo, na zikitumiwa pamoja hatari huongezeka. Meflokwini, ndugu wa kwinini aliyetengenezwa katika karne ya 20, inaweza kuleta jinamizi, wasiwasi na sonona, kwa hiyo haipewi kama kinga kwa mtu aliyewahi kuugua sonona. Mgonjwa anayetumia dawa za akili anapaswa kumwambia mhudumu anapotibiwa malaria, hata kama hakuulizwa.

Siku za mwisho

Livingstone aliondoka Tabora tarehe 25 Agosti 1872 pamoja na wapagazi waliotumwa na Stanley kutoka pwani. Safari hii alikuwa na dawa, lakini hazikumfaa. Alisumbuliwa na bawasiri aliyokataa kupasuliwa alipokuwa Uingereza, na sasa alikuwa akipoteza damu kila siku huku akihara. Kwinini haizuii damu. Katika vinamasi vya Bangweulu alishindwa kukaa juu ya punda, akabebwa kwa machela.

Usiku wa mwisho, kijijini kwa Chitambo, alimwomba Susi amletee sanduku la dawa na mshumaa. Macho yake yalikuwa yamefifia, akachagua kwa shida chupa ya kalomeli na kuagiza iwekwe karibu naye pamoja na kikombe cha maji. Kisha akamruhusu Susi aondoke. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873 walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa. Kwa mtu aliyeishiwa damu na maji mwilini, dawa ya kuendesha tumbo yenye zebaki haikuwa na faida yoyote. Ilikuwa elimu ya Glasgow ya mwaka 1840, ambayo hakuwahi kupata nafasi ya kuisahihisha.

Watu wake waliamua kuurudisha mwili kwao. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar, aliupasua ili kutoa viungo vya ndani, na wote walioshuhudia waliona bonge la damu lililoganda, kubwa kama kiganja, katika tumbo lake. Moyo ulizikwa palepale chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma sala. Mwili ulikaushwa kwa chumvi na jua, ukabebwa kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. London ulitambuliwa kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba mwaka 1844, ukazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874.

Baada yake

Kampuni ya Burroughs Wellcome ya London ilitengeneza na kuuza vidonge kwa kanuni yake, kwa jina la utani walilovipa wenzake wa msafara, yaani vidonge vya kuamsha. Wasafiri wa Ulaya waliendelea kuvibeba kwa miaka mingi.

Tanzania iliendelea kutumia jamaa za kwinini kwa muda mrefu. Klorokwini ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria hadi mwaka 2001, na watu wazima wengi wanakumbuka mwili ulivyowasha usiku kucha baada ya kuimeza. Wapo waliotupa vidonge nusu kwa sababu hiyo, na malaria ikawarudia. Dawa ya mseto ilichukua nafasi kuanzia mwaka 2006, na kwa malaria kali sindano ya artesunati imechukua nafasi ya kwinini. Mkoa wa Kigoma bado ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Huko Ujiji pana makumbusho na mnara mahali inapoaminika kwamba Livingstone na Stanley walikutana, na miembe iliyopo inasemekana kuwa imetokana na mwembe wa siku ile.